Kwenda Kageye Kukumbuka Utumwa: Maswali Tunayoulizwa Sana

Kila mwaka ikikaribia Agosti simu ya kamati yetu haipoi. Wengi huuliza nauli na saa ya kuondoka. Wachache huuliza mambo mazito, na hao mara nyingi hukata simu kabla hatujamaliza kujibu, kama vile wameona aibu ya kuuliza. Nimekusanya hapa maswali ya aina zote mbili. Mimi ndiye mshika daftari la majina, kwa hiyo penye jibu lisilokuridhisha mnilaumu mimi, msiwalaumu wazee.

Mnakwenda kufanya nini hasa?

Tunakwenda Kageye, wilaya ya Magu, ukingoni mwa Ghuba ya Speke. Kipande cha mwisho tunakitembea kwa miguu hadi ufukweni. Tunaketi kivulini, wazee wanasimulia, kila mtu anaweka jiwe alilokuja nalo, tunakula, tunarudi Mwanza kabla ya giza. Hatuna meza kuu, hatuna mgeni rasmi, na fulana za rangi moja hatujawahi kushona. Tuliwahi kuombwa tumwalike kiongozi mmoja ili "shughuli ipate uzito". Tulishukuru, tukakataa. Mgeni rasmi akija, wazee hunyamaza.

Kwa nini Kageye, na si hapa mjini?

Kwa sababu wakati wa mambo hayo, mji tunaouita Mwanza haukuwepo. Ulianza kukua baada ya Wajerumani kuweka boma lao hapa miaka ya 1890. Kabla ya hapo Kageye ndiyo ilikuwa bandari. Misafara iliyotoka Tabora ilitua mizigo pale, na mitumbwi ya kwenda Ukerewe na Buganda iling'oa nanga pale. Henry Stanley alipofika tarehe 27 Februari 1875 alimkuta mfanyabiashara wa pwani aitwaye Sungoro ameshatulia, ana nyumba na anaunda jahazi la kuvukia ziwa. Biashara yake ilikuwa pembe za ndovu na watu.

Waingereza wawili walifia pale karibu na miaka hiyo: Frederick Barker wa msafara wa Stanley, mwaka 1875, na John Smith, tabibu wa CMS, misheni ya Kianglikana, mwaka 1877. Majina yao yameandikwa vitabuni, na siku waliyougua inajulikana. Stanley alikuwa ameondoka Bagamoyo Novemba 1874 na watu zaidi ya 350. Waliofia njiani au ufukweni pale katika msafara wake na misafara mingine, na waliopitishwa pale wamefungwa, wengi wao hakuna aliyewaandika. Sisi tunakwenda kwa ajili ya hao wasioandikwa. Barker na Smith nao tunawasalimu. Walikuwa vijana, na kaburi ni kaburi.

Huku ziwani kulikuwa na utumwa kweli? Shuleni tulisoma Bagamoyo na Zanzibar tu.

Swali hili huulizwa hata na walimu wa historia, na hatuwalaumu. Ramani ya darasani ina mshale mnene kutoka Ujiji kupitia Tabora hadi Bagamoyo, na mshale mwembamba unaopanda kaskazini kuelekea huku, kama haujafutika pamoja na chaki. Sisi tunaishi kwenye huo mshale mwembamba.

Wafanyabiashara wa pwani walifika Buganda mapema. Ahmed bin Ibrahim aliingia kwa Suuna, Kabaka (mfalme) wa huko, mwaka 1844. Walikuja na vitambaa, shanga, bunduki na baruti, na walitaka pembe. Pembe zilipopungua walitaka watu. Kabaka Mutesa, aliyemfuata Suuna, alikuwa na mitumbwi mingi ya vita, na mateka wa vita vyake walivushwa ziwa kuja kusini, kisha wakateremshwa hadi Tabora. Wengi walikuwa wanawake na watoto. Hapa ndipo hadithi yetu inapotofautiana na ile ya Zanzibar: wengi wao hawakuiona bahari kamwe. Walibaki bara. Walilima mashamba ya matajiri wa Tabora, waliolewa bila mahari na bila kuulizwa, walichunga, walitwanga, walizaa. Tena si wote waliotekwa vitani. Mwaka wa njaa mtu aliweza kumpeleka mtoto kwa mwenye ghala la mtama awe rehani, na rehani isipokombolewa mtoto hubaki huko.

Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa Juni 1873, enzi ya Sultani Barghash. Watu hudhani utumwa uliishia hapo. Wajerumani walipotawala hawakuufuta moja kwa moja. Walichotamka ni kwamba mtoto atakayezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 ni huru, mama yake abaki alivyo. Sheria ya kuufuta kabisa Tanganyika ililetwa na Waingereza mwaka 1922. Piga hesabu. Mtu aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1922 alikuwa na miaka 75 mwaka 1987. Baadhi yetu kwenye kamati mwaka huo tulikuwa shule ya msingi, na bibi wa umri huo ndiye aliyekuwa akitukaangia karanga.

Wapagazi wote walikuwa watumwa?

Hapana, na tunaomba kosa hili lisirudiwe kwenye maigizo ya shule. Wanyamwezi na Wasukuma wengi walibeba mizigo kwa hiari na kwa malipo. Ilikuwa kazi ya heshima. Kijana aliyefika pwani na kurudi alirudi mtu mzima. Walipatana ujira, waligoma, na msafara usipowalipa walitua mizigo wakarudi kwao. Katika msafara uleule mbele angeweza kutangulia mpagazi wa kulipwa, na nyuma yake mwanamke aliyefungwa kamba. Ukiona mchoro wenye watu wote wamevaa minyororo ujue mchoraji alirahisisha.

Malipo yenyewe yalikuwa nini?

Zaidi ya yote kitambaa. Na hapa kuna jambo ambalo mimi binafsi lilinikosesha usingizi nilipolisikia mara ya kwanza. Kitambaa kilichopendwa kuliko vyote kiliitwa merikani, na bado tunakiita hivyo. Jina halikutoka hewani. Kilifumwa kwenye viwanda vya kaskazini mwa Marekani, kikaletwa Zanzibar kwa meli. Na pamba yake ililimwa kusini mwa Marekani na Waafrika waliokuwa watumwa huko. Kwa hiyo mtu aliyeuzwa hapa kwa doti kadhaa za merikani aliuzwa kwa jasho la mtumwa mwenzake ambaye hawatajuana kamwe. Meli hizo zilirudi na pembe, na kwenye miji ya Connecticut pembe zikachongwa kuwa vibao vya piano. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliyumbisha pamba hiyo, na vitambaa vya India vikachukua nafasi. Jina merikani likabaki.

Miaka mingi baadaye Usukuma yenyewe ikawa nchi ya pamba. Nitarudi hapo.

Nani waliouza? Si Waarabu?

Waarabu walinunua na kuuza. Waswahili wa pwani pia, Wanyamwezi matajiri pia, watemi wetu pia, na Kabaka pia. Mtemi aliyekataa alijikuta jirani yake ana bunduki, yeye ana mikuki. Huo si utetezi, ila ndivyo ilivyokwenda.

Tunajua jibu hili haliwapendezi wengi. Kuna mzee alisimama Kageye mwaka fulani akasema babu yake alikuwa akipeleka watu Tabora, na kwamba ng'ombe wa mahari ya bibi yake walitokana na safari hizo. Alisema hivyo amesimama, fimbo mkononi, sauti ya kawaida tu, kama anayetaja bei ya dagaa. Kisha akaketi. Hakuna aliyempigia makofi wala aliyemzomea. Mama mmoja alisogeza kitenge chake ili mzee apate pa kunyoosha miguu.

Pwani ya magharibi ya Afrika, waliouzwa walivuka bahari, na vizazi vyao viko Brazil, Karibi na Marekani. Huku kwetu mjukuu wa aliyeuza na mjukuu wa aliyeuzwa wanakaa kamati moja ya harusi. Ndiyo maana kukumbuka kwetu ni kugumu, na ndiyo maana kunafanywa kwa sauti ya chini.

Ukoo wetu husemwa kichinichini kuwa "wa kununuliwa". Nije, au nitajiaibisha?

Njoo. Hutaulizwa ukoo wako mlangoni, kwanza hakuna mlango.

Nitakusimulia kilichonifanya nijiunge na shughuli hii. Tulikuwa kwenye kikao cha harusi ya binamu yangu, tumeshafika kwenye michango, mambo yanakwenda vizuri. Shangazi akaniinamia sikioni akasema: "Binti ni mzuri, lakini wale si ni watu wa kununuliwa?" Alisema huku anaandika ahadi ya mchango wake, shilingi elfu hamsini. Binti mwenyewe ni muuguzi. Ukoo wake uko kijiji kile tangu kabla ya babu yangu kuzaliwa. Zaidi ya miaka 100 imepita, sheria imefuta, ardhi wanayo, makaburi yao yako pale, na bado neno limehifadhiwa kama kisu kwenye paa la nyumba. Ndoa ilifungwa, ashukuriwe Mungu. Shangazi alitoa elfu hamsini zake.

Kwa hiyo ukija na hilo moyoni, jua hauko peke yako. Hutalazimishwa kusimama na kusema. Wengi huja mwaka wa kwanza wakakaa nyuma, wa pili wakaweka jiwe, wa tatu wakaanza kuuliza. Na kwetu kuna sheria moja tu isiyopindishwa: hakuna kumtaja mtu mwingine. Unaweza kusema habari za babu yako. Za babu wa jirani, mwachie jirani.

Mimi ni wa asili ya Kiarabu, nimezaliwa Mwanza. Nitaangaliwaje?

Utaangaliwa, tusidanganyane. Mwaka wa kwanza alikuja kijana mmoja mwenye duka la vipuri, na mzee fulani alimwuliza hadharani: "Umekuja kutuomba msamaha?" Kijana akajibu: "Shikamoo babu. Nimekuja kusikiliza, mama yake bibi yangu alitoka Buganda na hakuna anayejua jina la kijiji chake." Wengi hawakujua kwamba nyumba nyingi za wafanyabiashara wale zilikuwa na masuria, na watoto wa masuria walikuwa watoto halali wa nyumba. Damu ya aliyenunua na ya aliyenunuliwa imo ndani ya mtu mmoja. Mzee alimpa nafasi kwenye jamvi. Siku hizi kijana huyo ndiye anayetuletea maji ya kunywa, katoni kumi, na hataki risiti.

Mtani wangu huniita "mtumwa wangu". Nikasirike?

Kama ni mtani wako kweli, mtumie bili ya matanga. Utani kati ya watu wa bara na watu wa pwani ulikuzwa na misafara ileile. Mliosafiri pamoja, mliozikana njiani, mliogombana kisha mkalazimika kulala kambi moja, mlihitaji namna ya kutukanana bila kupigana. Kwenye utani neno hilo linakwenda pande zote mbili: leo wewe mtumwa wangu, kesho mimi wako. Lile la shangazi linakwenda upande mmoja tu.

Ila maneno mengine tunayatumia bila kujua yametoka wapi. *Mshenzi*, kwa watu wa pwani wa zamani, alikuwa mtu wa bara, na mateka mpya aliyeletwa kutoka huko. *Mtwana* alikuwa mtumwa wa kiume, *mjakazi* wa kike, *mzalia* aliyezaliwa ndani ya utumwa. *Muungwana* alikuwa asiye mtumwa, basi. Tabia njema zilikuja baadaye. Mwalimu anapomwita mtoto mshenzi hapa Usukuma, anamwita kwa jina walilopewa babu zake Bagamoyo. Hatusemi neno lipigwe marufuku. Tunasema tu, mwalimu ajue.

Kwa nini tarehe 23 Agosti?

Ndiyo siku UNESCO waliyoichagua kukumbuka biashara ya utumwa na kukomeshwa kwake. Usiku wa kuamkia tarehe hiyo mwaka 1791 watumwa wa Saint-Domingue, Haiti ya leo, waliasi, na uasi wao ulizaa nchi huru. Tunapenda kwamba siku imetokana na watumwa wenyewe kuinuka. Haikutokana na mfalme kutia saini. Sababu ya pili ni ya kawaida zaidi: Agosti ni kiangazi, barabara ya vumbi inapitika. Siku ikiangukia katikati ya wiki tunasogeza hadi Jumamosi, na hakuna aliyewahi kulalamika isipokuwa mtu mmoja wa Nyegezi ambaye hulalamikia kila kitu.

Mbona mnachanganya utumwa na habari za Wazungu na Wahindi? Si mambo tofauti?

Ni tofauti. Lakini wazee wakianza kusimulia hawaachi kwenye 1922, na sisi hatuwezi kuwakata. Mzee anayekumbuka alichoambiwa na babu yake juu ya kamba, anakumbuka pia kwa macho yake mji huu ulivyogawanywa kwa rangi: Mzungu kwenye upepo wa ziwa, Mhindi katikati penye maduka, Mwafrika pembeni. Shule zilikuwa za aina tatu, mishahara ya aina tatu. Mfumo huo wa shule uliondolewa mwaka 1962, baada ya uhuru. Hata kura ilikuwa hivyo. Uchaguzi wa 1958 na 1959 ndio ule wa *kura tatu*: kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, ingawa Waafrika ndio walioijaza nchi. Na hapa Kanda ya Ziwa hali ilikuwa kali zaidi. TANU ilinyimwa ruhusa ya kufanya kazi Usukuma kuanzia 1954 hadi 1958, na mwaka huo wa 1958 watu wa Geita walisimama kupinga baraza la wilaya lililotaka kuwekwa kwa mgao wa rangi.

Halafu pamba. Mkulima alivuna, akafunga mzigo wake, akaubeba kichwani hadi kwa mnunuzi, na mzani ulikuwa wa mnunuzi. Mnunuzi anasoma, mkulima hasomi. Wakulima walianza kwa jambo dogo sana: walimtafuta kijana wao mwenyewe anayejua kusoma namba, wakamweka pale na mzani wake, pamba ipimwe upya. Mzee mmoja wa Kisesa huonyesha kwa mikono jinsi mnunuzi alivyoegemeza goti kwenye mzani bila kumtazama mtu usoni. Kutokana na mizani hiyo vikazaliwa vyama vya ushirika. Paul Bomani aliwaunganisha wakulima mwaka 1952, na mwaka 1955 ikaundwa Victoria Federation ambayo ilikuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika Afrika.

Tahadhari moja. Hadithi ya mzani si ruhusa ya kumtusi jirani yako Mhindi. Ngazi zile tatu zilijengwa na serikali ya kikoloni, na aliyewekwa ngazi ya kati naye hakuchagua. Mtu akianza matusi ya namna hiyo tunamwomba asubiri kwenye basi. Imetokea mara moja.

Lile jiwe la Speke hapa mjini, mnataka ling'olewe?

Baadhi yetu wanataka, hasa vijana, tangu waone watu wa Bristol walivyoivuta sanamu ya Edward Colston, mfanyabiashara wa watumwa, mwezi Juni 2020 na kuitumbukiza bandarini. Mimi sitaki. Mimi nataka liongezwe jingine kando yake.

Jiwe lile linatukumbusha kwamba Mwingereza John Hanning Speke aliliona ziwa tarehe 3 Agosti 1858. Sawa, aliliona. Lakini hakuwa peke yake. Pamoja naye alikuwepo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa mtoto, akauzwa kwa kitambaa, akapelekwa India, akaishi huko miaka mingi hadi bwana wake alipokufa naye akawa huru, akarudi Zanzibar. Speke hakujua Kiswahili cha kutosha. Walielewana kwa Kihindustani. Yaani ziwa "liligunduliwa" kupitia lugha aliyojifunza mtumwa utumwani. Bombay alisafiri tena na Speke, kisha na Stanley, kisha akavuka bara zima na Mwingereza mwingine, Cameron. Wazungu walimpa medali, akafa 1885. Na ziwa lenyewe lilikuwa na majina kabla ya kupewa la Malkia Victoria. Waarabu waliliita Bahari ya Ukerewe, Waganda Nalubaale, na huku Nyanza, neno ambalo limebaki ndani ya jina Mwanza.

Mtu aliyewahi kuwa mtumwa alisimama juu ya mlima wetu siku ileile. Watoto wa Isamilo wangependa kulijua hilo, nadhani.

Wamisionari je? Wao si waliwakomboa watumwa?

Waliwakomboa. Mapadre Weupe walipoondoka Buganda mwishoni mwa 1882 walikuja kusini mwa ziwa na kuanzisha misheni Bukumbi mwaka 1883, wakiwa na watoto waliokombolewa. Kukomboa maana yake walilipa bei. Mtoto aliponywa minyororo, akapata chakula, jina jipya na dini mpya, lakini kwao hakurudishwa, pengine kwa sababu kwao hakukuwa tena na mtu. Kuna koo za Kikatoliki huku ambazo historia yao inaanzia kwenye ua wa misheni, kabla ya hapo giza. Wanaotoka huko huja Kageye kwa wingi, na huuliza maswali makali kuliko wote.

Wamarekani hufanyaje? Tumeona kwenye runinga wanakusanya udongo.

Ndiyo. Shirika la Equal Justice Initiative lilifungua mnara wa kumbukumbu mjini Montgomery, Alabama, mwezi Aprili 2018, wenye mabamba ya chuma zaidi ya 800, kila moja kwa wilaya ambamo Waafrika wa Marekani waliuawa na makundi ya watu bila kesi. Wenyeji wa wilaya hizo huchimba udongo mahali mtu alipouawa, wakautia kwenye chupa yenye jina lake na tarehe.

Tulijaribu kuiga. Tulifika Kageye na chupa kumi na mbili za plastiki zilizooshwa vizuri. Mzee mwenyeji akatuuliza tunazipeleka wapi. Tukamwambia Mwanza, zipangwe kwenye kabati la kioo. Akatutazama kwa muda. "Mnataka kuwahamisha tena?" Chupa zilirudi tupu, nyingine nahifadhia mafuta ya alizeti hadi leo. Ndipo likaja wazo la mawe. Kila mtu huja na jiwe moja kutoka kwake, la ukubwa wa ngumi, analiweka pale. Kwa nchi ya mawe kama yetu halina gharama. Limekuwa rundo sasa, mbuzi hupanda juu yake.

Mbona hamsomi majina, kama tunavyowakumbuka wa MV Bukoba?

Mwanza tunajua kukumbuka. Waliozama na meli hiyo tarehe 21 Mei 1996 tunakwenda Igoma kwenye makaburi yao, na waliotambuliwa wanatajwa. Kisiwani Ukara kuna makaburi ya waliozama na kivuko cha MV Nyerere mwaka 2018. Tungependa sana kusoma majina Kageye. Hatunayo. Mara mbili tu mtu ameleta jina: la mama wa bibi, na la mtoto aliyewekwa rehani mwaka wa njaa akarudi mtu mzima asiyejua lugha ya kwao. Hayo mawili tunayasoma kila mwaka. Ukiwa na la tatu, lete, lakini liwe la ukoo wako.

Watoto waruhusiwe?

Kuanzia darasa la tano. Wadogo zaidi huchoka na jua, na huishia kuogelea penye kina.

Kuna ngoma?

Mwaka wa kwanza tuliita kikundi cha bugobogobo na majembe yao. Walicheza vizuri mno, watu wakaanza kutunza, na mzee mmoja akanong'ona kwamba hii sasa ni Sabasaba. Tangu hapo hakuna ngoma. Mwenye kutaka kuziona asimame Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma pale Kisesa, iko njiani.

Usafiri, mavazi, chakula?

Basi linaondoka Nyamagana saa moja asubuhi, na saa moja ni saa moja. Tunashika barabara ya Musoma, Igoma, Kisesa, kisha barabara ya vumbi kuelekea ziwani. Wa Sengerema na Geita, siku hizi daraja la Kigongo–Busisi limewaondolea kisingizio cha kivuko. Vaa viatu vya kutembelea, kofia, kanga au shuka la kukalia. Rangi yoyote, nyeusi si lazima. Chakula ni ugali na sato, wanapika akina mama wa kijijini na wanalipwa. Picha za ziwa piga utakavyo. Picha za mzee anayesimulia, muulize kwanza, na akikataa usimpige kwa siri ukidhani hajaona.

Nataka kumuuliza bibi yangu kabla ya kuja. Nianzeje?

Usianze na neno utumwa. Usiweke simu ya kurekodi mezani. Wala usiende na wajukuu wote mkampanga katikati kama shahidi mahakamani.

Nenda wakati ana kazi ya mikono. Wa kwangu nilimkuta anachambua maharage kwenye ungo. Nikaketi, nikachambua naye, nikamwuliza nani alimfundisha kusuka ungo kwa ile namna ya ukingo mnene. Akasema mama yake. Na mama yake nani alimfundisha? Akatupa punje mbovu tatu, nne. Akasema yule aliyemfundisha hakuwa wa hapa, alikuwa na maneno yake, akiita mvua kwa jina jingine. Nikauliza jina gani. Akalitaja. Kisha akaniambia ungo umejaa, nikamletee sufuria.